Saratani Iliyosomwa Kwenye Ramani

Limfoma ya Burkitt ni saratani ya chembe nyeupe za damu, zile za aina ya B ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Katika Afrika ya tropiki huwashika zaidi watoto wa miaka minne hadi tisa, wavulana kuliko wasichana. Mara nyingi huanzia tayani. Magego hulegea, ufizi huvimba, na baada ya wiki chache shavu limejaa na jicho limeanza kusukumwa nje. Kwa watoto wengine uvimbe hutokea tumboni, kwenye figo, ini au ovari, taya lenyewe likiwa salama. Ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kubwa kuliko zote zinazompata binadamu: seli zake huweza kuongezeka maradufu katika siku moja au mbili.

Jina la ugonjwa limetokana na Denis Parsons Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kuanzia 1946 hadi 1966. Burkitt hakuwa mtu wa maabara. Si yeye aliyeviona virusi, si yeye aliyezisoma kromosomu, na kazi ya hadubini aliwaachia wenzake. Yeye alishikilia swali moja bila kuchoka: ugonjwa huu unapatikana wapi, na wapi haupatikani? Makala alizoandika kujibu swali hilo ziliwafikisha watafiti kwenye virusi vya kwanza kujulikana kuwa vinahusika na saratani ya binadamu, zikaingiza malaria katika elimu ya saratani, na zikasaidia kuonyesha kwamba uvimbe mkubwa unaweza kuponywa kwa dawa tupu bila kisu wala mionzi. Ni makala chache sana za kitabibu zilizoandikwa Afrika Mashariki ambazo zimezaa kiasi hicho.

Burkitt alizaliwa mwaka 1911 karibu na Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe usoni, akapoteza jicho la kulia. Alianza kusomea uhandisi katika Chuo cha Trinity, Dublin, akahamia udaktari, na mwaka 1938 akafuzu upasuaji Edinburgh. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni alikataliwa kwa sababu ya jicho lake moja. Vita Kuu ya Pili ilipozuka aliingia jeshini kama daktari, akapelekwa Kenya na Somalia, na vita vilipokwisha aliomba tena, safari hii akakubaliwa. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda.

Lira ndiko ilikoonekana tabia iliyokuja kumtambulisha. Miongoni mwa wagonjwa aliowapasua walikuwamo wanaume wengi wenye mabusha, na Burkitt akatambua kwamba wengi walitoka mashariki ya wilaya, ilhali magharibi ugonjwa huo ulikuwa nadra. Daktari mwingine angeendelea kupasua tu. Yeye alianza kuandika kila mgonjwa ametoka kijiji gani, na mwaka 1951 akachapisha makala kuhusu mabusha katika jarida la The Lancet. Mabusha ya namna hiyo husababishwa na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu, na mbu hawakai kila mahali kwa kiasi kimoja. Somo la kwamba mahali mgonjwa anapoishi ni sehemu ya ugonjwa wake lilikuwa limeshamwingia, ingawa saratani ilikuwa bado mbali na mawazo yake.

Mwaka 1948 alihamishiwa Hospitali ya Mulago, Kampala, hospitali ya kufundishia ya Makerere. Uvimbe wa taya wa watoto ulikuwapo Uganda kabla yake. Albert Cook, mmishenari aliyefungua Hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa na desturi ya kuandika maelezo ya kila mgonjwa na wakati mwingine kuchora alichokiona, na katika madaftari yake umebaki mchoro wa mtoto mwenye uvimbe huo. Mulago penyewe, daktari wa patholojia Jack Davies alikuwa ameanzisha rejesta ya saratani ya Kampala mapema katika miaka ya 1950, moja ya rejesta za kwanza za aina hiyo barani Afrika. Kwa hiyo ugonjwa ulishaonekana, ulishachorwa, na ulishaandikwa. Ulichokosa ni mtu wa kuuona kuwa ni ugonjwa mmoja. Katika vitabu vya hospitali mtoto mwenye taya lililovimba aliandikiwa saratani ya mfupa, mwenye figo iliyovimba akaandikiwa saratani ya figo, na mwenye jicho lililotoka akaandikiwa saratani ya jicho.

Mwaka 1957 Hugh Trowell, daktari mwenzake Mulago, alimwita amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Uso ulikuwa umevimba pande zote nne za taya, juu na chini, kulia na kushoto. Hilo ndilo lililomshangaza Burkitt. Jipu au saratani ya mfupa huanza mahali pamoja na kusambaa kutoka hapo. Haianzi pembe nne kwa mkupuo. Alimpiga picha, hakuwa na tiba ya kumpa, na jambo lingeweza kuishia hapo. Wiki chache baadaye alikuwa Jinja akizungukia wagonjwa wa hospitali ya huko. Akatupa macho nje kupitia dirishani, akamwona mtoto ameketi nyasini na mama yake, uso wake umevimba vilevile. Alitoka, akampima, akakuta pembe zote nne za taya zimeguswa, na tumboni kuna uvimbe mwingine. Mama na mtoto walisafirishwa hadi Kampala.

Mgonjwa mmoja wa aina hiyo angeweza kuwa jambo la ajabu, lakini wawili ndani ya muda mfupi walidai maelezo. Burkitt aliingia katika chumba cha kumbukumbu za Mulago akapekua mafaili ya watoto waliowahi kulazwa kwa saratani. Aliona kwamba watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa pia na uvimbe mahali pengine mwilini, na ule wa mahali pengine ulirudia sehemu zilezile: figo, tezi za adrenali, ovari, ini. Mwaka 1958 alichapisha matokeo hayo katika jarida la wapasuaji la Uingereza, British Journal of Surgery, akieleza habari za watoto 38. Makala ni fupi. Inaeleza dalili, umri, picha na mwisho wa wagonjwa, ambao karibu wote walikufa. Inauita ugonjwa sarkoma ya taya, jina ambalo halikuwa sahihi. Hata hivyo hoja yake kuu ilikuwa sahihi: magonjwa yaliyokuwa yakiandikwa kwa majina manne au matano ni ugonjwa mmoja.

Makala hiyo haikupokelewa kwa vigelegele. Wasomaji wa jarida walikuwa wapasuaji wa Uingereza ambao hawakuwahi kumwona mtoto wa namna hiyo na hawakutarajia kumwona. Kazi iliendelea Kampala kwenyewe. Gregory O'Conor, mwanapatholojia Mmarekani aliyekuwa Mulago, alipitia pamoja na Davies saratani za watoto zilizomo katika rejesta, na mwaka 1960 wakaonyesha kwamba karibu nusu zilikuwa limfoma. Katika Ulaya na Marekani kiwango hicho hakikujulikana. Huko saratani iliyoongoza kwa watoto ni ya damu. Mwaka 1961 Burkitt na O'Conor waliandika tena, safari hii katika jarida la Cancer la Marekani, wakathibitisha kwamba ile iliyoitwa sarkoma ni limfoma. Dennis Wright, mwanapatholojia mwingine wa Makerere, akaeleza sura ya seli zake chini ya hadubini. Seli za saratani hubanana zikiwa na rangi nzito, na katikati yake hutawanyika chembe kubwa nyeupe zinazokula seli zilizokufa, hata kipande chote hufanana na anga la usiku lenye nyota. Mfano huo wa nyota bado unatumika katika mafunzo ya patholojia duniani kote. Mwaka 1969 Shirika la Afya Duniani likachapisha maelezo rasmi ya ugonjwa kwa jina la Burkitt.

Burkitt mwenyewe alikuwa amerudi kwenye swali lake la wapi. Wageni kutoka Afrika Kusini walimwambia kwamba kwao hawajawahi kuona watoto kama wale wa kwenye picha zake. Ikiwa ni kweli, mahali fulani kati ya Kampala na Johannesburg kulikuwa na mpaka. Kwa ruzuku ya pauni 25 alichapisha kipeperushi chenye picha za watoto wagonjwa na maswali machache, akakituma kwa hospitali za serikali na za misheni kote barani. Faida yake ilikuwa kwamba sura ya mtoto mwenye uvimbe huu haisahauliki. Daktari aliyeko kijijini, bila maabara wala hadubini, angeweza kutazama picha na kujibu ndiyo au hapana. Kila jibu la ndiyo liligeuka pini kwenye ramani iliyotundikwa ukutani. Pini zikajipanga katika mkanda unaopita katikati ya Afrika, takriban nyuzi 10 hadi 15 kaskazini na kusini mwa ikweta, na mkia mmoja ukateremka kando ya pwani ya mashariki hadi Msumbiji.

Ili kuuona mpaka wa kusini kwa macho, tarehe 7 Oktoba 1961 Burkitt aliondoka Kampala na madaktari wenzake wawili wa misheni, Ted Williams wa Hospitali ya Kuluva, West Nile, na Cliff Nelson kutoka Kanada. Walikuwa na gari la Ford lililokwisha kutumika, walilolinunua kwa pauni 250. Gharama ya safari nzima haikufika pauni 700. Katika wiki kumi walisafiri karibu kilomita 16,000, wakapitia Kenya, Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia na Msumbiji hadi Afrika Kusini na kurudi, wakizuru hospitali karibu 60. Tanganyika walipoipita ilikuwa bado chini ya Waingereza. Hawajafika Kampala, ikawa nchi huru. Kazi yao kila kituo ilikuwa ileile: kuonyesha picha, kuwauliza madaktari na wauguzi kama wamewahi kumwona mtoto wa namna hiyo, kufungua vitabu vya wagonjwa, kuandika. Hospitali iliyosema haijawahi kuona hata mmoja ilikuwa na thamani sawa na iliyosema imeona ishirini, kwa sababu bila hapana mpaka hauchoreki.

Mpaka ukachorwa, lakini haukuwa mstari wa latitudo. Karibu na ikweta ugonjwa ulikoma mahali ambapo ardhi imepanda kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kadiri mtu anavyokwenda kusini ndivyo kikomo kilivyoshuka, mpaka huko Msumbiji kikafika mita mia chache tu. Nyanda za juu za Kenya, vilima vya Rwanda na Burundi na milima ya kusini-magharibi mwa Uganda havikuwa na wagonjwa, ilhali kandokando ya Ziwa Viktoria, bonde la Naili na mwambao wa bahari viliwapata kila mwaka. Mwanzoni Burkitt alidhani kimo cha ardhi ndicho sababu. Aliyemsahihisha ni Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, taasisi ambayo mwaka 1947 ilipata virusi vya Zika katika msitu wa jirani. Haddow, mtaalamu wa mbu, alitazama ramani akasema kinachopimwa hapo ni joto. Ugonjwa unakoma mahali ambapo joto la msimu wa baridi linashuka chini ya nyuzi 16 hivi za Selsiasi, na pia mahali ambapo mvua haifiki milimita 500 kwa mwaka. Ukame na baridi ni maadui wa mdudu. Ikafuata dhana kwamba saratani hii inatokana na virusi vinavyobebwa na mbu, kama homa ya manjano.

Dhana hiyo haikuwa kweli, na bado ndiyo iliyozaa ugunduzi mkubwa kuliko wote katika habari hii. Machi 1961, kabla hata ya safari ile ya kusini, akiwa likizoni Uingereza, Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London, juu ya saratani ya watoto iliyo ya kawaida kuliko zote Afrika ya tropiki. Waliohudhuria hawakuwa wengi. Mmoja wao alikuwa Anthony Epstein, mtafiti aliyekuwa akichunguza virusi vinavyoleta saratani kwa kuku. Wakati ule wanasayansi wengi hawakuamini kwamba jambo hilo linaweza kutokea kwa binadamu. Saratani ambayo tayari ilionekana kufuata joto na mvua ilikuwa hasa kitu ambacho Epstein angekitafuta, na kabla mhadhara haujafika mwisho alishaamua kuacha kazi nyingine. Alisafiri hadi Kampala kupanga mambo, na vipande vya uvimbe vilivyokatwa Mulago vikaanza kupelekwa London kwa ndege za usiku.

Kwa zaidi ya miaka miwili hapakuonekana chochote. Kisha mwanzoni mwa Desemba 1963 ndege yenye kifurushi kutoka Kampala ilizuiwa na ukungu London, ikaelekezwa Manchester, na kifurushi kikachelewa hadi jioni. Kichupa kilipofunguliwa maji yake yalikuwa yametibuka kama maji ya mchele. Kwa kawaida hali hiyo huonyesha kwamba bakteria wameingia, na kitu cha namna hiyo hutupwa. Epstein alichukua tone moja akaliweka chini ya hadubini kabla ya kuamua. Hapakuwa na bakteria. Seli za uvimbe zilikuwa zimejitenga kutoka kwenye kipande, zikawa zinaelea peke yake zikiwa hai. Mpaka siku hiyo alikuwa amejaribu kuziotesha zikiwa zimeshikamana na kioo, kama zinavyooteshwa seli za ngozi. Sasa pamoja na Yvonne Barr aliziacha zielee, nazo zikastawi. Februari 1964 aliziweka chini ya hadubini ya elektroni, na ndani ya seli moja akaona chembe za virusi vya jamii ya hapesi. Tarehe 28 Machi 1964 Epstein, Bert Achong na Barr walichapisha habari hiyo katika The Lancet. Virusi vikaitwa Epstein-Barr.

Virusi hivyo havikuwa vya Afrika peke yake, wala havikuletwa na mbu. Werner na Gertrude Henle wa Philadelphia, waliopelekewa seli hizo, waligundua kwamba watu wazima karibu wote duniani wanavyo. Huenezwa kwa mate, na kwa kijana wa Ulaya au Marekani huleta homa ya tezi inayopona yenyewe. Hapo swali likageuka. Ikiwa kila mtu ana virusi hivi, mbona saratani inafuata ramani?

Jibu lilitoka tena kwenye ramani. Gilbert Dalldorf na wenzake, waliofanya kazi Kenya, walionyesha mwaka 1964 kwamba mkanda wa saratani unalingana na mkanda wa malaria ya mwaka mzima. Burkitt alikubali, na mwaka 1969 akaandika hoja ya kuiacha dhana yake mwenyewe ya virusi vinavyobebwa na mdudu. Si kila mtafiti ana moyo huo. Miongoni mwa ushahidi aliouleta ni visiwa vya Unguja na Pemba. Kwa joto na mvua, Zanzibar ingestahili kuwa na wagonjwa wengi kama bara iliyo mkabala nayo, lakini ugonjwa ulikuwa nadra huko, na tofauti iliyoonekana ilikuwa kampeni ya kupambana na malaria iliyokuwa imeendeshwa visiwani. Mwaka 1970 aliandika juu ya uhusiano huo pamoja na George Kafuko, mtaalamu wa malaria wa Uganda. Watafiti wengine waliuliza pia kama watoto wenye chembechembe za selimundu za kurithi kwa mzazi mmoja, ambao malaria haiwaelemei, wanapata saratani hii kwa uchache.

Dhana zote mbili, ya virusi na ya malaria, zilipimwa kwa watu wenyewe. Huko West Nile, Uganda, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilichukua damu ya watoto 42,000 hivi kuanzia mwaka 1972, likaihifadhi, kisha likasubiri. Watoto 14 walipougua, damu yao ya zamani ilitolewa ikapimwa. Matokeo yaliyochapishwa katika Nature mwaka 1978 yalionyesha kwamba mtoto aliyekuwa na kingamwili nyingi mno dhidi ya virusi vya Epstein-Barr alikuwa katika hatari mara 30 zaidi ya wenzake, tena miezi au miaka kabla ya uvimbe kutokea. Upande wa malaria ulipimwa Tanzania, katika Mara ya Kaskazini, kwa msaada wa hospitali ya misheni ya Shirati. Kuanzia 1977 hadi 1982 watoto walio chini ya miaka kumi walipewa vidonge vya klorokwini kila baada ya wiki mbili. Saratani ilipungua, kisha ikapanda vidonge viliposimamishwa. Lakini ilikuwa imeanza kushuka kabla ya vidonge, na vimelea vya malaria vilishaanza kuizoea dawa kabla mradi haujakwisha. Ripoti ya mwaka 1989 ilisema hayo yote waziwazi, na kwa hiyo inabaki ushahidi mzuri ambao haujafikia kuwa uthibitisho.

Leo maelezo yanayokubalika ni haya. Mtoto wa maeneo yenye malaria huambukizwa virusi vya Epstein-Barr akiwa bado mdogo sana. Malaria ya mara kwa mara huzichochea chembe B zizaane kwa wingi, na wakati huohuo hudhoofisha chembe zinazopaswa kuzidhibiti zile zenye virusi. Katika kuzaana huko kwa haraka hutokea kosa la kromosomu. Kosa lenyewe lilijulikana hatua kwa hatua: mwaka 1972 watafiti nchini Sweden waliona kromosomu ya 14 imerefuka, mwaka 1976 ikaonekana kwamba kilichoongezwa kimekatika kutoka kromosomu ya 8, na mwaka 1982 maabara za Marekani zikaonyesha kwamba kipande hicho kina jeni iitwayo MYC, inayoamuru seli igawanyike. Ikihamia kando ya jeni za kingamwili, ambazo katika chembe B haziachi kufanya kazi, MYC nayo haizimiki. Hii ilikuwa miongoni mwa mara za kwanza kwa wanasayansi kuweza kunyoosha kidole kwenye jeni moja na kusema saratani ya binadamu inaanzia hapa.

Kwa wazazi waliofika Mulago na mtoto mgongoni, jambo kubwa lilikuwa tiba. Kukata taya kuliharibu uso bila kuokoa maisha, na mashine ya mionzi haikuwapo Uganda. Burkitt alianza kujaribu dawa mpya za saratani zilizotoka Marekani, kwanza methotrexate, baadaye cyclophosphamide, huku Peter Clifford akifanya vivyo hivyo Nairobi. Uvimbe uliojaa uso mzima ulinywea katika siku chache. Baadhi ya watoto walipewa sindano moja au mbili tu, wakaenda zao kijijini. Burkitt alifuatilia habari zao kupitia hospitali za wilaya na misheni, na mwaka 1967 akachapisha orodha ya waliokuwa wazima miaka kadhaa baadaye. Madaktari wa Ulaya na Marekani walioamini kwamba dawa huahirisha kifo tu walikuwa na sababu ya kufikiri upya. Mwaka huohuo wa 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago, kikiongozwa na John Ziegler kutoka Marekani. Ndicho mwanzo wa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Ziegler alipoondoka mwaka 1972, katika utawala wa Idi Amin, uongozi ulishikwa na Mganda Charles Olweny, aliyeendeleza tiba na utafiti katika miaka ambayo hata pamba na spiriti vilikuwa shida kupatikana. Yeye na wenzake wa Mulago hawakupata sifa inayolingana na kazi yao.

Wagonjwa wenyewe wamebaki katika sayansi kwa namna nyingine. Seli zilizooteshwa kutoka kwenye uvimbe wao hazijaacha kugawanyika hadi leo. Zile ziitwazo Raji zilitoka Nigeria mwaka 1963. Daudi zilitoka kwa kijana wa Kenya mwaka 1967. Namalwa zilitumika kutengeneza dawa ya intaferoni kwa wingi. Baadhi ya dawa za limfoma zinazotumika sasa zilijaribiwa juu ya seli hizi, katika maabara ambazo wafanyakazi wake huenda hawajui kwamba Daudi ni jina la mtu. Wakati ule hakuna aliyeona haja ya kumweleza mgonjwa au mzazi kwamba kipande kilichokatwa kitaishi kumpita mwenyewe. Deni hilo halijalipwa.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Huko London alitumia njia ileile ya vipeperushi na ramani juu ya magonjwa ya matumbo, akashikilia kwamba watu wa Ulaya wanaugua kwa kukosa makapi katika chakula, na ni kwa hoja hiyo, zaidi ya limfoma, alivyojulikana kwa umma wa Uingereza. Baadhi ya madai yake ya wakati huo yamesimama, mengine hayakusimama. Mwaka 1972 alipewa tuzo ya Lasker pamoja na watafiti wengine wa tiba ya saratani, akiwamo Victor Anomah Ngu wa Kameruni. Alifariki mwaka 1993. Epstein aliishi hadi 2024, akafikisha miaka 102, akashuhudia virusi vyake vikihusishwa na saratani ya nyuma ya pua, aina fulani za saratani ya tumbo na, kwa utafiti mkubwa wa mwaka 2022, ugonjwa wa neva uitwao sklerosisi ya sehemu nyingi.

Ramani ya 1961 haijafutika. Uganda, magharibi mwa Kenya, Kanda ya Ziwa ya Tanzania na Malawi bado zinapata wagonjwa. Katika nchi tajiri watoto walio wengi sana hupona. Afrika Mashariki wanaopona ni wachache zaidi, na sababu haiko kwenye ugonjwa: dawa ni zilezile, lakini mtoto hufika akiwa amechelewa, au mzazi huishiwa nauli kabla ya dozi kukamilika. Mtoto mdogo ambaye magego yake yamelegea na ufizi umevimba asing'olewe jino akarudishwa nyumbani. Apelekwe hospitali ya rufaa wiki hiyohiyo.